Nyumba Isiyo na Kamusi: Istilahi za Ujenzi kutoka Lamu hadi Masisi

Mwanafunzi anayetaka kujua majina ya sehemu za nyumba ya mawe ya Lamu hapati taabu kubwa. Peter Garlake alikwisha kuchunguza majengo ya kale ya pwani katika kitabu chake cha 1966, na mwaka 1975 msanifu majengo Usam Ghaidan akachapisha uchunguzi wake wa mji wa Lamu. Humo msomaji anaingizwa nyumbani hatua kwa hatua: daka, tekani, kiwanda, msana wa tini na msana wa yuu, kisha ndani. Lakini mwanafunzi huyo huyo akielekea bara hadi Masisi na Walikale, katika Kivu ya Kaskazini, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya barabara, miongozo hiyo yote inamnyamazia. Makala haya yanajaribu kueleza chanzo cha ukimya huo.

Chanzo kimoja kimo katika historia ya kamusi zetu. Krapf, ambaye kamusi yake ilitoka London mwaka 1882, alikusanya maneno Mombasa na Rabai; Padre Sacleux, ambaye yake ilitoka Paris kati ya 1939 na 1941, aliishi Zanzibar na Bagamoyo. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, nyumba ya pwani nayo ilichaguliwa, ingawa hakuna aliyeipigia kura. Ndiyo maana kamusi zinajua kiambaza, pao na kombamoyo.

Hatusemi kwamba kazi hiyo ilikuwa bure. Istilahi ikielezwa vizuri hufichua mantiki ya jengo lenyewe. Chukua boriti. Vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, upana wake hauzidi sana mita 3, kwa sababu mti wa mkoko hauwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa juu ya nafasi kubwa zaidi. Au chukua sakafu. Kwa Kiarabu asili yake ni neno la paa. Kwetu limeshuka likawa mahali pa kukanyaga, maana katika nyumba ya ghorofa paa la wa chini ndilo sakafu ya wa juu. Neno geni limefanywa la Kiswahili na umbo la nyumba.

Upungufu wa aina hii si wetu peke yetu. Kitabu mashuhuri cha historia ya usanifu cha Banister Fletcher, katika toleo lake la 1901, kiligawa majengo ya dunia katika mitindo ya kihistoria na isiyo ya kihistoria. Uhindi, China na Japani zilitupwa katika fungu la pili. Afrika iliyo kusini ya Sahara haikupata nafasi hata humo. Yafaa tujiulize kama sisi nasi hatujachora mpaka wa namna hiyo, pwani upande mmoja na bara upande wa pili.

Neno moja la bara lilipenya: tembe, nyumba ya udongo yenye paa la bapa. Livingstone aliishi katika tembe ya Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872, baada ya kurudi kutoka Nyangwe na Ujiji. Misafara ya biashara ilikipeleka Kiswahili mbali zaidi, hadi Manyema, kikawa Kingwana. Tembe haikuweza kukifuata kila mahali, kwani paa bapa la udongo hufaa nchi kavu ya Ugogo, si nchi ya mvua nyingi. Lugha ilifika mahali ambapo jengo lake halikuweza kusimama, ikabidi itaje majengo ya wenyeji.

Huko Walikale ni msitu; Masisi ni milima yenye baridi na malisho. Kihunde na Kinyanga vina majina yao ya kale ya ujenzi. Kati ya 1937 na 1955 Wabelgiji walihamishia Masisi maelfu ya watu kutoka Rwanda, nao wakaja na urugo, yaani ua na maisha yaliyomo. Juu ya hayo kimekaa Kiswahili cha Kivu: nyumba ya potopoto, nyumba ya mbao, na manjanja, ambayo sisi huita mabati. Mhariri wa kamusi akiliona manjanja huandika kwamba ni lahaja, au huliacha kabisa. Kwa maoni yangu, neno lililosafiri njia ile ile ya sakafu lastahili heshima ile ile.

Jambo hili lina haraka. Tangu vita vilivyoanza Ntoto, Walikale, Machi 1993, vijiji vya wilaya hizi mbili vimechomwa mara nyingi, na watu wake wamekaa miaka kambini chini ya turubai. Mtoto aliyekulia humo hajaona paa likiezekwa kwa majani wala fito zikifungwa. Nyumba ya Lamu ikibomoka, Ghaidan amebaki rafuni. Nyumba ya Kihunde ikiungua, kinachobaki ni kumbukumbu ya fundi, naye huenda yuko mbali na miti aliyoijua.

Paul Oliver alipotoa mwaka 1997 ensaiklopidia yake ya majuzuu 3 kuhusu majengo ya kienyeji ya dunia, alionyesha kwamba nyumba za udongo na majani zaweza kuorodheshwa kwa makini yale yale ya makanisa. Kwa Masisi na Walikale kazi haihitaji majuzuu matatu. Yahitaji wanafunzi wachache wanaojua Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda pamoja na Kiswahili, wakae na mafundi wazee, na waulize kwa utaratibu wa kazi, si wa alfabeti: kwanza kiwanja kinachaguliwaje, shimo la nguzo ya kwanza linachimbwa wapi, na nguzo hiyo inaitwaje kabla haijasimamishwa.