Moto wa Kando

Fundi aliuliza swali moja tu: "Sasa mwalimu, moto unakaa wapi?"

Tulikuwa kwenye kibanda chake cha jua kali mjini Kitale. Nilikuwa nimempa karatasi yenye mchoro wa jiko la duara lenye kifuniko, lile ambalo jamaa yangu aliniachia alipohama, na juu ya mchoro nimeandika kwa mwandiko wangu bora kabisa: "Vifaa vya upishi usio wa moja kwa moja." Akasoma mara mbili. Akageuza karatasi kuona kama maelezo yako nyuma. Ikabidi nieleze kwa mikono: makaa huku, makaa huku, katikati patupu, kuku akae hapo. "Ah," akasema, "kumbe moto uko kando." Akaokota chaki, akaanza kupima.

Mimi ni mtafsiri. Anayeniita mwalimu ananiheshimu tu. Lakini siku ile nilifundishwa kazi yangu na mtu mwenye nyundo mkononi.

Kwa Kiingereza mtindo huu huitwa "indirect", neno linaloanza kwa kukana. Sisi tumelibeba na kukana kwake hadi kwenye uchumi, tukapata kodi zisizo za moja kwa moja, na huko halijaleta madhara makubwa kwa kuwa hakuna anayeunda kodi kwa kuchomelea vyuma. Wanasarufi walikuwa werevu zaidi. Walipofika kwenye usemi hawakusema usemi usio wa moja kwa moja, walisema usemi wa taarifa. Walitaja kinachofanyika, wakaacha kisichofanyika. Mwambie mpishi kwamba moto wake usiwe wa moja kwa moja, naye ana haki ya kuuliza alivyouliza fundi.

Jiko lenyewe pia lina tatizo la jina. Wenyewe Wamarekani wanalifananisha na birika, lakini ukisema jiko la birika hapa Trans Nzoia utaletewa chai. Na chanzo chake si birika hata kidogo. Mwaka 1952 George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya Weber Brothers Metal Works huko Chicago, alichukua boya la chuma, akalikata vipande viwili, kimoja kikawa bakuli na kingine kikawa kifuniko. Mimi naliita jiko la kifuniko, maana kifuniko ndicho siri yote. Jiko letu la bati na udongo, lililoenea mijini tangu miaka ya 1980, halina kifuniko. Sufuria inakaa juu, makaa chini, na ukiweka nyama juu ya wavu, makaa yanaimulika uso kwa uso. Huo ni moto wa chini. Ni mtamu kwa mshikaki na kwa mbavu za mbuzi zilizokatwa vipande vyembamba. Kwa kuku mzima ni balaa: ngozi inakuwa mkaa na mfupa wa paja bado mwekundu.

Ukiyasogeza makaa pembeni na kufunika, hali inabadilika. Nyama haimulikwi tena na makaa kutoka chini. Inaivishwa na hewa ya moto inayopanda, kugonga kifuniko na kuizunguka pande zote, kama mkate katika tanuri. Tundu la chini linaingiza hewa, la juu linatoa moshi, na kasi ya moto unaiongoza kwa kufungua na kufunga hayo mawili.

Je, hatuna kitenzi tayari? Tunavyo vingi, na nilivipitia kimoja kimoja usiku ule. Kuchoma ni kwa kila kitu, hata takataka. Kuvumbika ni kufukia kwenye jivu la moto, kama viazi vitamu. Kupalia ni ule ufundi wa pwani wa kuweka makaa juu ya kifuniko cha sufuria ili wali ukauke vizuri au mkate wa kumimina uive juu kama ulivyoiva chini. Hapo moto uko juu na chini, kando hakuna. Kubanika nilikitamani sana. Samaki aliyebanwa kwenye kijiti kilichopasuliwa, kijiti kikachomekwa ardhini karibu na moto, anaiva kwa joto la pembeni hasa. Lakini siku hizi watu husema samaki wa kubanika hata kama amelala juu ya makaa, na istilahi inayomaanisha vitu viwili vinavyopingana ni mtego. Kilichobaki ni kuoka, ambacho kina wazo la joto linalozunguka. Kwa hiyo: kuoka kwa moto wa kando. Na palipo na haraka, moto wa kando, basi.

Tukavitengeneza vifaa. Vikapu viwili vya makaa alivikata kwenye wavu wa chuma cheusi kisichopakwa kitu, wenye matundu madogo. Alivipinda vikafuata mzunguko wa bakuli, kila kimoja upana wa kiganja. Alitaka kuviwekea kitako cha mabati yaliyobaki kwenye paa la mtu. Nikakataa, na hapa naomba msomaji anisikie: mabati yamepakwa zinki, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, joto ambalo makaa yanayowaka hulipita kwa urahisi. Moshi wake humpa mtu homa na kutapika. Chuma cheusi kisichopakwa kitu kinatosha, kipate kutu kikitaka.

Mkebe wa kuwashia makaa tuliufanya kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili za mafuta ya kupikia ambalo sokoni Kitale linapima mahindi na maharagwe. Toboa matundu ya msumari kuuzunguka chini, toa kitako, weka wavu mdogo ndani, gazeti chini ya wavu na makaa juu. Uchome kwanza mtupu, nje ya nyumba, rangi iishe. Baada ya hapo huhitaji kupepea wala kumwagia mafuta ya taa yanayotia nyama harufu.

Cha tatu kilinisumbua jina. Ni sinia linalowekwa katikati ya vikapu, chini ya nyama. Nilikuwa nimeandika "chombo cha kudondoshea mafuta". Fundi alikisoma akacheka: "Anayedondosha ni kuku, mwalimu. Hiki kinakinga." Kweli. Tunakinga maji ya mvua kwenye mchirizi wa paa, tunakinga maziwa, kwa nini tusikinge mafuta? Sinia la kukingia. Unalitia maji kidogo. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka karibu na nyuzi 94, na maadamu hayajakauka, mafuta yanayoangukia humo hayawezi kushika moto.

Jaribio la kwanza niliona uvivu wa kuweka sinia. Sitasimulia zaidi ya kusema kwamba nilikula ugali na sukuma. La pili niliweka kila kitu lakini jivu la juzi lilikuwa limeziba tundu la chini. Makaa yalikufa kimya kimya, na baada ya saa nzima kuku alikuwa vuguvugu.

La tatu nililifanyia Bungoma, nyumbani kwa kukhu, yaani nyanya yangu, na jogoo wa kienyeji kutoka soko la Chwele, mwenye miguu kama ya askari. Nilitupia magunzi mawili makavu juu ya makaa ili yatoe moshi, nikafunika. Kukhu alikaa kwenye kigoda akinitazama kwa huruma. Kila nilipotaka kufunua alinizuia: "Acha, mjukuu wangu, unatoa joto." Alikuwa hajawahi kuona jiko lile. Baada ya saa moja na nusu ngozi ilikuwa ya rangi ya shaba, na nilipochoma paja kwa kisu yakatoka maji meupe. Nikamweleza jina, moto wa kando. Akasema mahindi nayo walikuwa wakiyaegemeza kwenye figa, kando ya moto, wala hayakuwahi kuungua. Kisha akaomba lile sinia. Yale mafuta na maji yake aliyamimina kwenye mboga za jioni.

Nilipopita tena kwa fundi, vikapu viwili vilikuwa vinaning'inia mlangoni kwa waya. Mama mmoja akauliza ni vya nini.

"Vya moto wa kando."

Akavishika, akavigeuza. "Jiko langu dogo. Nikiweka kimoja, moto ukae upande huu na nyama upande huu, si ni sawa?"

Fundi akanitazama. Mimi sikuwa na la kuongeza. Wakaanza kuelewana bei.