Chaja ndani ya boti: kuchaji betri bila kuhatarisha roho za watu

Usiku mmoja wa msimu wa kusi tulikuwa tukitoka Faza kuja Lamu, na ndani ya boti tuna mgonjwa. Tulipofika mkondo wa Mkanda, kipande cha wavu kikanasa kwenye propela. Nikazima mashine tukakitoa. Nilipogeuza ufunguo kuiwasha tena, ilisema "tik" mara moja, kisha kimya. Betri imekufa. Tulivutwa na wavuvi hadi gatini, na alhamdulilahi mgonjwa alifika salama.

Betri ile ilikuwa haijatimiza miaka miwili, na chaja nilikuwa nimeifunga ndani ya boti kwa mkono wangu. Kila jioni nikifika gatini nachomeka waya, najiendea zangu nyumbani. Miezi mitano sikufungua vifuniko kutazama maji. Nilipofungua asubuhi ile, sahani zilikuwa wazi, zimekauka. Chaja hutia moto tu, kuitunza betri ni kazi ya mwenye boti. Haya ndiyo niliyojifunza tangu siku hiyo.

Chaja na betri zifanane

Betri za maji, za jeli, za AGM na za lithiamu hazichajiwi kwa volti sawa. Betri ya maji ya volti 12 hupandishwa hadi kati ya 14.4 na 14.8, kisha ikijaa chaja nzuri hushuka yenyewe hadi karibu 13.5 na kuishikilia hapo. Ya jeli huharibika ikizidishiwa, nyingi zataka zisipite 14.1 hivi. Ya lithiamu yataka chaja yenye mpangilio wake maalumu. Soma maandishi yaliyo kwenye betri kabla ya kugeuza swichi ya chaja.

Kuhusu nguvu, chaja ya asilimia 10 hadi 20 ya ukubwa wa betri inatosha. Betri ya ampea-saa 100 yataka chaja ya ampea 10 hadi 20. Chaja kubwa kupita kiasi huchemsha betri, na ndogo mno haiijazi kabla ya safari ya alfajiri.

Joto letu la pwani pia lina hesabu yake. Chaja nyingi zimepangwa kwa digrii 25. Kila digrii 10 zinapoongezeka, volti ya kuchajia yafaa ipungue kwa takriban 0.3. Kama waweza, nunua chaja yenye kipima joto kinachobandikwa kwenye betri.

Gesi mbili, moja yapanda na moja yashuka

Betri ya maji ikichajiwa hutoa haidrojeni. Gesi hiyo ikifika asilimia 4 tu ya hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Ni nyepesi, hupanda juu na kujikusanya chini ya sitaha au kifuniko. Mvuke wa petroli nao ni mzito, hushuka na kulala ngamani. Kwa hiyo:

- Sanduku la betri liwe na matundu ya hewa upande wa juu. Ukichaji, fungua vifuniko vya boti.
- Usifunge chaja juu ya betri moja kwa moja. Mvuke wa tindikali utaila.
- Usiweke chaja wala swichi ya kawaida kwenye chumba cha tangi la petroli.
- Usivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu na betri inayochajiwa.
- Ukisikia harufu ya mayai viza, au betri ikiwa moto kiasi cha kutogusika, zima stima, toka, acha hewa ipite.

Kuunganisha na kuchomoa

Cheche nyingi hutokea wakati wa kuunganisha. Utaratibu ni huu: funga kwanza waya za chaja kwenye betri, nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi, ndipo uwashe stima ya gatini. Ukimaliza, zima stima kwanza. Ukitaka kuitoa betri yenyewe, fungua hasi kwanza, na ukiirudisha, hasi iwe ya mwisho. Spana ikigusa vichwa viwili kwa pamoja hutoa moto mkali, basi vua pete na saa kabla ya kushika kazi.

Waya chanya ya chaja iwe na fyuzi karibu na betri, isizidi sentimita 18. Bila fyuzi, waya ikichubuka kwa mtikisiko wa mawimbi, betri yenyewe itauchoma mfuko wote wa nyaya.

Stima ya gatini ni volti 240 na haina mzaha na maji ya chumvi. Mwambie fundi wa stima akuwekee swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja, ya miliampea 30. Ekstensheni ya nyumbani iliyolazwa kwenye mbao zenye maji si ya kazi hii. Na watoto wetu wanaopiga mbizi gatini wasiogelee karibu na boti iliyochomekwa.

Maji ya betri

Kagua kila mwezi, na miezi ya joto kila wiki mbili. Sahani zikiwa wazi, tia maji kidogo ya kuzifunika tu kabla ya kuchaji, halafu jaza hadi alama baada ya betri kujaa. Ukijaza kabla, maji yatapanda na kumwagika.

Dukani kuna chupa mbili ambazo watu huziita "maji ya betri": moja ni maji yaliyosafishwa, nyingine ni tindikali. Unayoongeza ni maji yaliyosafishwa. Maji ya kisima yana chumvi. Maji ya bahari ni hatari zaidi, kwani yakiingia kwenye betri huzalisha klorini, gesi ya sumu.

Vaa miwani na glavu. Tindikali ikiingia jichoni, osha kwa maji matamu kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri usafishe kwa magadi ya kupikia yaliyochanganywa na maji, vifuniko vikiwa vimefungwa. Kausha, kaza, upake grisi.

Mita ndogo itakwambia ukweli

Acha betri ipumzike saa kadhaa bila chaja wala mzigo, kisha pima. Volti 12.6 au zaidi imejaa. 12.2 ni nusu. Ikikaribia 11.9 imekwisha. Betri ya maji usiizoeze kushuka chini ya nusu, maisha yake yatakuwa mafupi. Ikiwa imechajiwa usiku kucha na baada ya kupumzika bado haifiki 12.4, usiende nayo baharini.

Boti ikipandishwa pwani

Wakati wa kusi kali boti nyingi hukaa juu wiki nyingi. Betri iliyoachwa ikiwa nusu huota ukoko kwenye sahani, na ukoko huo ukishakomaa hautoki. Ijaze kabla ya kuiacha, fungua waya ya hasi, iweke kivulini, na uichaji tena kila mwezi.

Mimi sasa nina daftari dogo ndani ya boti: tarehe, volti, maji. Kuandika hakuzidi dakika tano. Na ukibeba watu usiku, beba pia betri ya pili iliyojaa, yenye swichi yake, isiyotumiwa kwa taa wala redio. Hiyo iwe ya kuwashia mashine tu.