Dola Tano za Wetumpka

Katika mji mdogo wa Wetumpka, ulioko kando ya mto Coosa katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, serikali ya jimbo ilijenga gereza lake la kwanza, likafunguliwa mwaka 1842, na watu wakazoea kuliita Kuta za Alabama. Na ulipofika mwaka 1866, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimekwisha na hazina ya jimbo imekauka, serikali hiyo hiyo iliwakodisha wafungwa wake kwa wafanyabiashara waliojiita Smith na McMillen, kwa muda wa miaka sita, kwa ijara ya dola tano. Nimezitaja dola hizo mwanzo kabisa kwa kuwa mtu atakaye kuifahamu dhiki iliyomo katika jela za Alabama hivi leo, na kujua kwa nini mahakama zimekuwa zikiziamuru na kuzikemea kwa muda wa zaidi ya miaka hamsini, hana budi kwanza alifungue daftari la hesabu kabla hajatazama kuta na minyororo. Mfungwa ni amana iliyo mkononi mwa dola, maana amenyang'anywa uwezo wa kujitafutia chakula, dawa na usalama wake. Lakini Alabama ilimwandika tangu mwanzo katika ukurasa wa mapato, na kumhamisha kutoka ukurasa ule kumekuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani mtu yeyote.

Utumwa ulikuwa umekwisha kisheria mwaka 1865, na wengi wa waliojazwa katika mikataba hii walikuwa watu weusi waliotoka utumwani juzi tu, au watoto wao. Makosa yalikuwa mengi na mepesi kupatikana: uzururaji, kamari, kuuza pombe bila ruhusa, kuacha kazi ya bwana shamba kabla ya mkataba kwisha. Aliyehukumiwa kulipa faini, na juu ya faini akaongezewa gharama za mahakama na ada ya mkuu wa polisi aliyemkamata, asipokuwa na fedha za kulipa, aliuziwa kazi yake kwenye machimbo ya makaa ya mawe yaliyouzunguka mji wa Birmingham, akakaa humo hata deni liishe. Na kwa kuwa mkuu wa polisi alipata riziki yake katika ada zile zile, kila mtu aliyekamatwa alikuwa ni senti katika mfuko wake. Kufika mwaka 1898, yapata asilimia 73 ya mapato yote ya jimbo yalitoka katika ukodishaji wa wafungwa. Msomaji na asimame kidogo hapo. Serikali iliyotegemea karibu robo tatu ya fedha zake kutoka kwa watu waliofungwa haikuwa na haja ya kuuliza kama watu hao walikula, au walilala wapi, au waliugua nini, maadamu idadi yao haikupungua.

Alfajiri ya tarehe 8 Aprili, 1911, mlipuko uliupasua mgodi wa Banner, mali ya kampuni ya Pratt Consolidated, nao ukawaua watu 128. Walio wengi walikuwa wafungwa, na wengi katika hao walikuwa weusi waliofungwa kwa makosa madogo madogo, waliopelekwa pale na wilaya zao kwenda kulipia faini kwa jasho. Mtu aliyekosa dola chache za kumlipa karani wa mahakama alizilipa kwa uhai wake chini ya ardhi. Hilo ni jambo la kutia uchungu hata leo, baada ya zaidi ya miaka mia moja, wala sioni namna ya kulisimulia kwa maneno laini. Hata hivyo ukodishaji haukukoma. Uliendelea miaka 17 zaidi, kwa sababu kila gavana aliyeahidi kuufuta aliingia ofisini, akaonyeshwa pengo litakalobaki katika hazina, na ahadi ikaahirishwa.

Kilichouvunja hatimaye ni kifo cha mtu mmoja. James Knox, mzungu, aliyefungwa kwa kughushi hundi, alifia katika mgodi wa Flat Top mwaka 1924, na hati ya kifo ikasema amejiua kwa sumu. Miaka miwili baadaye, Mwanasheria Mkuu wa jimbo alipochunguza, ilionekana kwamba alipigwa, akatumbukizwa katika pipa la dobi, akafa kwa mateso na hofu, kisha sumu ikatiwa katika maiti yake ili idhaniwe amejiua. Magazeti ya nchi nzima yalishtuka. Mwaka 1928, chini ya Gavana Bibb Graves, wafungwa wa mwisho walitolewa migodini, na Alabama ikawa jimbo la mwisho Marekani kuacha desturi ile. Inauma kwamba wale 128 wa Banner hawakutosha, na ilibidi afe mzungu mmoja ndipo umma uone aibu. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tangu hapo wafungwa walilima pamba, walitengeneza barabara, walishona nguo viwandani mwa jela. Mapato yakapungua, na kadiri yalivyopungua ndivyo baraza la kutunga sheria mjini Montgomery lilivyozidi kuzisahau jela. Mfungwa hakupiga kura, jamaa zake aghalabu walikuwa mafukara, na mbunge hakupata sifa yoyote kwa kuwapigania. Amana ile ilibaki bila mwenye kuidai.

Aliyeidai alikuwa jaji wa mahakama ya Serikali Kuu mjini Montgomery, Frank M. Johnson, mtu wa Alabama hiyo hiyo, aliyezaliwa wilaya ya Winston, na aliyewahi kusoma sheria chuo kimoja na Gavana George Wallace. Johnson ndiye aliyekuwa miongoni mwa majaji walioufuta ubaguzi katika mabasi ya Montgomery mwaka 1956, na ndiye aliyewaruhusu waandamanaji wa haki za raia kutoka mji wa Selma kupita mwaka 1965. Chuki aliyojiletea ilikuwa kubwa hata nyumba ya mama yake ikatupiwa bomu. Mwaka 1972 alitoa hukumu juu ya matibabu jelani, na mambo yaliyothibitishwa mbele yake yanasomeka kama habari za nchi isiyokuwa na serikali. Wafungwa wasiojifunza uganga hata siku moja walikuwa wakiwang'oa wenzao meno, wakiwachoma sindano, hata wakiwashona na kuwapasua. Mtu aliyepooza mikono na miguu, asiyeweza kujigeuza kitandani, aliachwa mpaka vidonda vyake vikaingia funza. Ukitaka kujua kwa nini hapakuwa na daktari, jibu lilikuwa katika daftari: fedha hazikutengwa.

Miaka minne baadaye, tarehe 13 Januari, 1976, Johnson alizitazama jela zenyewe. Fountain, iliyojengwa kwa watu 632, ilikuwa na zaidi ya 1,100. Draper, iliyojengwa kwa idadi ile ile, ilikuwa na zaidi ya 1,000. Mahali pamoja watu zaidi ya mia mbili walikuwa na choo kimoja kinachofanya kazi. Askari jela walikuwa zaidi kidogo tu ya nusu ya waliotakiwa, kwa hiyo usiku mabwalo yaliachwa mikononi mwa wenye nguvu, na mfungwa dhaifu alichagua baina ya kujiuza na kutembea na kisu. Palikuwa na vyumba vya adhabu, wenyewe wakiviita nyumba ya mbwa: upana futi nne, urefu futi nane, hakuna dirisha, hakuna taa, hakuna maji ya bomba, choo ni tundu sakafuni, na ndani yake waliweza kutiwa hata watu sita kwa pamoja. Chakula kililetwa mara moja kwa siku, wakakila bila kijiko. Afisa wa afya wa Serikali Kuu aliyezikagua jela hizo alitoa ushahidi kwamba hazifai kukaliwa na binadamu. Na kabla kesi haijakwisha, wakili wa jimbo mwenyewe alisimama mbele ya mahakama akakiri kwamba ushahidi umethibitisha, bila shaka yoyote, kuvunjwa kwa Katiba.

Kukiri kule kungaliweza kuwa mwanzo mpya. Jimbo, walakini, lilikuwa na hoja moja liliyoitegemea sana, nayo ni kwamba fedha hazipo. Johnson aliijibu kwa maneno ambayo mahakama nyingine zimeyarudia tangu hapo, na maana yake ni hii: serikali haina uhuru wa kuwapa watu zile haki za Katiba tu ambazo bajeti yake inazimudu bila taabu, na ikishindwa kuwatunza waliofungwa, haina budi kuwafunga wachache. Nakubaliana naye kwa moyo wote, na nadhani hakuna hoja iliyo ya insafu kuliko hiyo katika mjadala mzima wa jela. Mtu akishindwa kulisha ng'ombe wa mwenziwe aliokabidhiwa, haambiwi awaache wafe zizini, sembuse binadamu.

Jaji aliamuru kila mfungwa apate nafasi ya futi za mraba 60, akaweka kamati ya raia 39 ya kusimamia utekelezaji. Wallace alikasirika na kuwaambia wapiga kura kwamba jaji anataka kuzigeuza jela kuwa hoteli. Mahakama ya rufaa iliivunja kamati ile mwaka 1977, na kwa hiyo jicho la umma lililokuwa limeingia ndani ya kuta kwa mara ya kwanza likatolewa nje. Mwaka 1979, Johnson alipoona amri zake hazitekelezwi, alizitoa jela mikononi mwa bodi iliyozisimamia na kumkabidhi gavana mpya, Fob James, awajibike kwa jina lake mwenyewe. Majengo yaliongezwa, madaktari waliajiriwa, na mwishoni mwa miaka ya 1980 mahakama ikaondoa mkono.

Haikuchukua muda mambo yakaharibika tena. Mwaka 1995, Fob James akiwa amerudi tena ugavana, Alabama ilirudisha minyororo ya miguuni kwa wafungwa wa barabarani, na katika jela ya Limestone mfungwa mmoja alifungwa mikono kwenye nguzo, kifua wazi, akaachwa juani kwa saa saba, akapewa maji mara moja au mbili, asiruhusiwe kwenda haja. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 2002 kwamba ukatili ule ulikuwa dhahiri kiasi kwamba askari hawakuweza kudai hawakujua ni haramu.

Na lile daftari la zamani lilikuwa bado wazi katika jela ndogo za wilaya. Sheria ya Alabama ilitoa dola 1.75 kwa siku kwa chakula cha kila mahabusu, na ikaeleweka kwa miaka mingi kwamba mkuu wa polisi wa wilaya akibakiza kitu, ni chake. Mkuu mmoja, wa wilaya ya Morgan, alijiwekea yapata dola 212,000 katika miaka mitatu. Yeye na mwenziwe wa wilaya nyingine walinunua kwa bei ya kutupa shehena ya soseji zilizochovywa katika unga wa mahindi na kukaangwa vijitini, na mahabusu wake wakala hizo mara mbili kwa siku, wiki baada ya wiki. Januari 2009 jaji wa Serikali Kuu alimtia ndani mkuu huyo usiku mmoja. Lililonigusa zaidi ni kwamba alikuwa akifuata sheria kama ilivyoandikwa, na sheria ilikuwa imemwambia, kwa lugha ya fedha, kwamba kila tonge asilolitoa ni faida yake. Haikubadilishwa mpaka mwaka 2019.

Katika jela za jimbo, Jaji Myron Thompson aliamua mwaka 2017, katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2014, kwamba uangalizi wa wagonjwa wa akili ulikuwa mbovu kupita kiasi. Kijana wa miaka 24 alitoa ushahidi katika kesi ile akiwa na fadhaa kiasi kwamba ilibidi jaji amhamishie faraghani amsikilize taratibu. Siku kumi baadaye kijana alijinyonga katika selo. Mwezi Aprili 2019 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kwamba jela za wanaume zilikuwa na watu zaidi ya mara moja na nusu ya waliokusudiwa, na kwamba mauaji, ubakaji na dawa za kulevya vimekithiri kwa kuwa askari hawapo. Desemba 2020 wizara ikalishtaki jimbo. Thompson naye aliipa idara ya jela muda, hadi tarehe 1 Julai, 2025, kujaza nafasi zote za lazima za askari. Mishahara ikapandishwa, lakini nafasi nyingi zilibaki tupu. Na ukurasa wa mapato haujafungwa: wafungwa wanaoruhusiwa kwenda kufanya kazi nje, katika viwanda na mikahawa, hukatwa na idara asilimia 40 ya ujira wao.

Jibu la Gavana Kay Ivey lilikuwa ni kujenga. Mwaka 2021 baraza lilipitisha mpango wa dola bilioni 1.3, na dola milioni 400 kati ya hizo zilichotwa katika fedha ambazo Serikali Kuu ilizitoa kwa ajili ya maafa ya korona. Jela mpya ya kwanza, yenye vitanda 4,000 na jina la gavana mwenyewe, ilikadiriwa kwanza kuwa ya dola milioni 623, kisha bei ikapanda hata ikavuka bilioni moja, ambayo ni takriban dola 270,000 kwa kila kitanda, kabla hajaajiriwa hata askari mmoja wa kukilinda. Mahali pake ni wilaya ya Elmore, ambayo makao yake makuu ni Wetumpka.