Udereva wa Malori: Kijana Atazame Nyuma Kabla ya Kushika Usukani

Ndugu wasomaji, wiki hii nimeletewa swali na wazazi wa kijana mmoja wa Mang'ula, katika bonde la Kilombero. Kijana wao amemaliza kidato cha nne, na tangu hapo hana wimbo mwingine ila lori. Anataka aanze utingo katika malori yanayopakia mchele Ifakara, kisha siku moja apewe usukani wa matela yaendayo Zambia na Kongo. Baba anasema huko ni kupotea. Mama anasema kazi mbaya si mchezo mwema, afadhali mtoto mwenye jasho kuliko mtoto wa kijiweni. Wameniomba niseme neno.

Sitaki kuwa hakimu baina ya mume na mke. Nitafanya kile ninachokiweza, nacho ni kueleza kazi hiyo ilitoka wapi. Mtu akijua kazi ilivyozaliwa na ilivyopita katika mabonde na milima, atajua pia aipime vipi.

Udereva wa masafa marefu katika nchi yetu ulikuzwa na siasa. Tarehe 11 Novemba, 1965, Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wa Rhodesia bila idhini ya Uingereza. Mwezi uliofuata Zambia ikajikuta haina mafuta, kwa sababu mafuta yake yalipitia kusini kwa hao hao walowezi. Ndege za Uingereza na Canada zilibeba mapipa kwa muda, lakini ndege haziwezi kulisha nchi nzima yenye migodi ya shaba. Ikabidi mafuta yapite barabarani kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya malori ya Zambia na Tanzania. Kila serikali ilikuwa na hisa 35 katika mia, na zilizobaki 30 zilikuwa za kampuni ya Intersomer ya Italia. Malori ya Fiat yakaanza kwenda kusini na mafuta na kurudi na shaba.

Njia yenyewe ilikuwa ya udongo kwa sehemu kubwa. Masika ilikuwa tope, kiangazi ilikuwa vumbi la kumficha dereva asimwone aliye mbele yake. Waandishi wa habari wa Ulaya waliipa jina la njia ya Jehanamu, na haikuwa mzaha, kwani watu walikufa na magari yakabaki makorongoni. Hata hivyo vijana wengi walizikimbilia kazi hizo, kwa kuwa dereva alikuwa mtu mwenye fedha na mwenye habari za mbali.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Mwaka 1968 likafunguliwa bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Kazi ya kubeba mapipa ya mafuta, ambayo miaka miwili tu nyuma ilikuwa tegemeo la taifa zima, ikachukuliwa na bomba lililofukiwa ardhini. Hakuna dereva aliyekosea lolote. Ni mzigo uliohama.

Mang'ula inaingia hapa. Oktoba 1970 ujenzi wa reli ya TAZARA ulizinduliwa, kwa mkopo wa Wachina usio na riba. Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, ikawa kambi kubwa yenye karakana ya mitambo. Vijana walitoka pande nyingi za nchi, wengine kupitia Jeshi la Kujenga Taifa, wakashika sururu, na wakajifunza ufundi kwa kutazama mikono ya mafundi wa Kichina, maana lugha haikutosha. Vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea mambo ya reli. Reli ya kilomita 1,860 ilikabidhiwa rasmi Julai 1976, na karakana ya Mang'ula ikaendelea kama kiwanda cha umma cha mitambo na zana.

Mzee wa wakati ule akiulizwa na mwanawe, "Baba, nishike lori au niende reli?" angejibu bila kufikiri mara mbili: reli. Reli ilikuwa na nyumba, mshahara wa mwezi na kiinua mgongo. Nani angemlaumu mzee huyo?

Lakini reli nayo ilipatwa. Oktoba 1978 Zambia iliifungua tena njia yake ya kusini iliyokuwa imefungwa tangu 1973. Baadaye biashara huria ikaleta malori mengi ya watu binafsi kwenye barabara ya lami inayopita Mikumi, Iringa na Mbeya. TAZARA ilijengwa kwa matarajio ya kubeba tani milioni mbili kwa mwaka. Mwaka wa fedha wa 2014/15 ilibeba tani zisizofika 100,000. Kiwanda cha Mang'ula nacho kiliingia katika mkumbo wa ubinafsishaji, na mngurumo wake ukafifia. Mzigo ulikuwa umerudi barabarani. Mtoto aliyekatazwa lori akamwona mwenzake aliyekwenda Tunduma akirudi na mabati ya kuezekea nyumba.

Na hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba na kampuni ya ujenzi ya China, CCECC, wa kuifufua na kuiendesha reli hiyo kwa miaka 30. Ikiwa kazi hiyo itafanikiwa, sehemu ya shaba iliyo juu ya matela itapanda tena mabehewa. Kijana wetu wa Mang'ula, ambaye kwao reli na barabara zinakwenda karibu karibu, atakuwa katikati ya miaka yake ya kazi wakati hayo yakitokea.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, historia haimwambii baba kwamba lori ni upotevu, wala haimwambii mama kwamba lori ni mkombozi. Inatuonyesha kwamba kazi ya kubeba mzigo humfuata mzigo, na mzigo huhamishwa na mipaka, mabomba, reli na sera, mambo ambayo dereva hayashiki mkononi. Anachokishika ni ujuzi wake, afya yake na jina lake. Kijana apime hayo matatu.

Tuanze na ujuzi. Njia ya utingo ndiyo iliyozoeleka: kijana anaosha gari, anapiga jeki, anaziba pancha, analala juu ya mzigo, na dereva akiwa na moyo mwema anampa usukani mahali penye uwazi. Madereva wengi hodari wamepita humo, na sitawadharau. Lakini ni njia isiyo na mkataba wala cheti, na dereva akichukizwa, utingo anashushwa popote. Tunacho Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanza mwaka 1975, na vipo vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Leseni hupandishwa daraja kwa daraja, na ya gari dogo haimruhusu mtu kuvuta tela. Kijana akasome, na pamoja na udereva ajifunze umakanika. Dereva asiyejua injini akiondolewa garini hana kitu. Anayejua atatengeneza matrekta ya miwa kule Kidatu, au mashine za kukoboa mpunga Ifakara, hata kama malori yote yatahama.

Pili, afya. Miaka ya themanini na tisini UKIMWI uliwapiga sana watu wa barabara kuu, madereva na akina mama wa vituo vya kulala. Mwanzoni mwa miaka ya tisini AMREF iliendesha elimu katika vituo vya barabara ya Tanzania na Zambia, ikiwatumia madereva na akina mama wenyewe kuwafundisha wenzao. Waliougua hawakuwa wabaya kuliko sisi. Walikuwa watu waliowekwa mbali na nyumba zao kwa wiki nyingi, wakisubiri mpakani wakiwa na fedha mfukoni na hawana la kufanya. Kijana ajue kwamba subira ya mpakani ni sehemu ya kazi, na aamue mapema ataishije ndani yake.

Halafu kuna usingizi. Mwaka 1979 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba unaosema dereva asiendeshe zaidi ya saa nne mfululizo bila kupumzika, wala zaidi ya saa tisa kwa siku. Kabla ya kukubali gari, kijana amuulize mwajiri: nitaendesha saa ngapi, na nikisema nimechoka utanijibu nini? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko posho ya safari. Tela lenye mzigo likiteremka mlima Kitonga mikononi mwa mtu anayesinzia, haliui dereva peke yake.

Tatu, jina. Dereva hukabidhiwa mali ya watu na kuachwa nayo peke yake siku nyingi. Wapo wanaonyonya mafuta tangini na kuyauza njiani, na wapo wanaofungua mzigo usiku. Hata barabara zikibadilika, dereva aliyejulikana kwa uaminifu hutafutwa na matajiri. Aliyeharibu jina hata utingo haupati.

Neno langu kwa baba ni hili: usimkataze kwa sababu ya aibu, kwani udereva umeibeba nchi hii katika saa yake ngumu. Neno langu kwa mama: usimruhusu kwa sababu tu amechoka kukaa. Na wewe kijana, ukitamani lori kwa ajili ya kuona miji, miji utaichoka mwaka wa pili. Ukilitamani kwa sababu unapenda chombo, unaweza kukesha pasipo pombe, na uko tayari kwenda chuo kwanza, basi nenda, na wazazi wakubariki. Ukiwa na shaka, tafuta dereva aliyefanya kazi miaka ishirini, umuulize ana nini nyumbani na mgongo wake ukoje. Kisha ukae na wazee wako, mwamue.

Panapo majaliwa tutakutana wiki ijayo.