Lantana Ipi? Kichaka Kimoja, Sura Nyingi Kandokando ya Ziwa Victoria

Ukipanda vilima vya Mwanza kutoka ziwani, angalia vichaka vinavyomea kati ya mawe na kwenye uzio wa nyumba. Hutatafuta sana kabla ya kukutana na kimoja chenye majani ya kukwaruza, yanayonuka kwa nguvu ukiyafikicha, na vishada vya maua madogomadogo. Hiyo ni lantana, kwa jina la kisayansi Lantana camara. Ng'ambo ya ziwa, Waganda wanaiita akayukiyuki.

Hebu kitazame kishada kimoja. Katikati maua ni ya njano, pembeni ni ya pinki au mekundu. Wengi hudhani hapo ndipo penye mchanganyiko wa mbegu. Hapana, huo ni umri tu. Ua huchanua likiwa la njano, likishachavushwa linabadilika rangi, na wadudu wanaelekea kwenye yale mapya. Tofauti ya kurithi itafute kati ya kichaka na kichaka: mmoja maua yake yanaishia pinki, jirani yake yanaishia mekundu, mmoja una miiba mikali, mwingine karibu hauna.

Asili ya mmea ni Amerika ya kitropiki. Wazungu waliupeleka kwenye bustani zao karne ya 17, Linnaeus akaupa jina mwaka 1753, na karne ya 19 wakulima wa maua wakauchanganya na ndugu zake mpaka wakapata mamia ya aina. Kilichosambazwa makoloni kama ua la mapambo ni uzao wa mchanganyiko huo. Hata kromosomu zinasimulia: seti moja ina 11, lakini utakuta mimea yenye 22, mingine 33, 44, 55 na hata 66. Na yote tunaiita lantana!

Sasa tuje ziwani, maana huku kichaka hiki kilikutana na mbung'o. Mwaka 1922 malale yalilipuka Maswa, na katika miaka hiyo ya 1920 Wasukuma kwa maelfu walifyeka mapori upande wa Shinyanga ili kumnyima mbung'o kivuli. Kazi ya jasho kwelikweli. Lakini kwenye mwambao kuna mbung'o mwingine, Glossina fuscipes, anayependa vichaka vyenye unyevu karibu na maji. Mwaka 1964 malale yalipozuka Alego, Nyanza, upande wa Kenya, watafiti walimkuta mbung'o huyo kwenye vichaka vya lantana vilivyozunguka nyumba. Hakuna aliyehitaji kwenda porini ili aumwe. Busoga, Uganda, ugonjwa ulipolipuka tena kuanzia mwaka 1976, lantana ilikuwa tena miongoni mwa maficho yake.

Kulikuwa na jaribio la kuipunguza kwa mdudu. Teleonemia scrupulosa, anayefyonza majani ya lantana, aliletwa Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1960. Huko Serere akaonekana kwenye ufuta! Zaidi ya hapo, mdudu huyu ana uchaguzi wake. Australia, ambako wataalamu walihesabu aina 29, aina nyingine anazishambulia vikali na nyingine anaziacha zikistawi. Binafsi naona hilo ndilo somo lililopuuzwa mapema: walileta adui wa jina moja, wakakuta mimea mingi.

Kwenye dawa na sumu ni vilevile. Majani yake huchemshwa kwa ajili ya kikohozi, lakini pia yana lantadini, sumu inayoharibu ini la ng'ombe na mbuzi, kisha ngozi yao inaungua juani. Kiasi cha sumu hutofautiana baina ya aina na aina. Na mwaka 2011 watafiti waliofanya kazi wilayani Bagamoyo waliripoti kwamba nyumba zilizopandiwa lantana ziliingiwa na mbu Anopheles gambiae pungufu kwa zaidi ya nusu. Kichaka kilichomfuga mbung'o Alego kilimzuia mbu Pwani.

Ndiyo maana mtu anayekusanya majani haya kwa ajili ya maabara hatosheki na kuandika "lantana" kwenye bahasha. Anakausha tawi lenye maua, analibandika kwenye karatasi ngumu, anaandika rangi ya ua changa na ya ua lililokomaa, kama kuna miiba, mahali na tarehe. Akiweza, anahesabu na kromosomu.