Kompyuta nzito nyumbani? Pima haya kabla ya kununua nyingine

Kompyuta ya nyumbani pale Malangali, Sumbawanga, ikichukua dakika tano kuwaka, si lazima iwe imekufa. Mara nyingi kinachoichelewesha ni diski ya zamani inayozunguka, au RAM ndogo.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uangalie asilimia. Diski ikikaa muda mrefu kwenye 100%, dawa ni kuweka SSD. RAM ikijaa, ongeza kutoka GB 4 hadi 8. Fundi akague aina kwanza: DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4.

Ya bure:
- Zima programu zinazojiwasha zenyewe.
- Futa usizozitumia.
- Safisha vumbi kwenye feni. Joto likizidi, prosesa hujipunguza kasi.

Kabla fundi hajaifungua, nakili picha na nyaraka kwenye flashi. Diski ikifa, kuzipata tena ni kazi na gharama.

Kumbuka pia: Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka angalau RAM GB 4, nafasi GB 64 na TPM 2.0. Mashine isiyofikia hapo inaweza kuwekewa Linux, bure kabisa.