Debe, Keria na Winchi: Gari Linalovishwa Kidogo Kidogo

Land Rover ya kwanza ilioneshwa hadharani mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na ilikuwa karibu uchi. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa sababu chuma Uingereza bado kilitolewa kwa mgao baada ya vita. Katika mpango wa mwanzo wa kampuni ya Rover, hata milango, turubai la juu na mto wa kiti cha abiria vilihesabiwa kuwa nyongeza za kulipiwa kando. Mkulima alipewa injini, usukani na magurudumu manne yanayovuta. Mengine angejiongezea kadiri mfuko utakavyoruhusu.

Familia nyingi za Nairobi, Arusha, Moshi na Eldoret bado zinalinunua gari la foo-wili kwa namna hiyo. Linaletwa nyumbani likiwa halijakamilika, kisha linavishwa. Mwaka huu matairi, mwakani keria ya juu, bonasi ikitoka winchi. Mpita njia akiliona limejaa vyuma, taa na madumu hudhani ni mbwembwe za vijana. Mbwembwe zipo, hakuna wa kukataa. Lakini karibu kila kipande kilichofungwa pale kina kwao na kina mwaka wake, na kilizaliwa siku mtu fulani alipokwama mahali fulani.

Anayewatafuta mafundi wa mwanzo wa kazi hii atawakuta likizoni. Katikati ya miaka ya 1920, afisa wa jeshi la Uingereza aitwaye Ralph Bagnold alipangiwa kazi Misri. Yeye na wenzake walizoea kutumia siku zao za mapumziko, na pesa zao wenyewe, kuendesha Ford za kawaida kuingia Jangwa la Libya, magharibi ya mto Nile. Walianza na Model T, wakaja Model A. Hakuna hata moja kati ya magari hayo iliyotengenezwa kwa mchanga. Rejeta ilichemka na maji yakapotea hewani, na jangwani maji ya rejeta ndiyo hayohayo ya kunywa. Wakachukua mpira kutoka tundu la kumwagia maji ya rejeta, wakauelekeza kwenye kopo lililofungwa ubavuni mwa gari. Mvuke ukifika humo unapoa na kurudi kuwa maji. Injini ikipoa, rejeta inayanyonya yote tena. Gari lisilovuja likapita siku nyingi bila kuongezwa maji.

Dira ya sumaku nayo ilidanganywa na chuma cha gari lenyewe, kwa hiyo Bagnold akatengeneza dira ya jua: kisahani chenye alama na kijiti cha katikati, dereva akafuata kivuli. Magurudumu yakizama, walitandika chini yake mabamba marefu ya chuma yenye umbo la mfereji, waliyoyakuta kwa wauza vyuma chakavu mjini Cairo, masalia ya kuezekea mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Leo vibao vya kujinasulia, vya plastiki yenye rangi kali, vinaning'inia ubavuni mwa Prado ambazo hazijawahi kuona tuta la mchanga. Bibi yao ni yale mabamba ya Cairo.

Jambo la nne walilolijua halikugharimu hata senti: kupunguza upepo. Tairi lililolegea linatanuka, linakanyaga eneo kubwa zaidi na kuelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Mwaka 1940, vita vilipofika Afrika Kaskazini, Bagnold aliunda kikosi cha Long Range Desert Group, na maarifa ya likizo yakawa maarifa ya jeshi. Malori yao ya Chevrolet yaliongezewa dira, kopo la mvuke na mabamba, kisha yakavuliwa milango na vioo vya mbele ili yawe mepesi. Hilo la kuvua halijapata warithi wengi.

Vita hivyohivyo ndivyo vilivyoleta dumu la chuma linalofungwa nyuma ya magari hadi leo. Waingereza walibeba petroli katika mikebe myembamba ya galoni nne, kama lita 18. Watu wa Afrika Mashariki waliujua mkebe huo kwa jina la debe. Ulikuja na mafuta ya taa au petroli. Ukishakuwa mtupu ulitumika kutekea maji kisimani na kupimia mahindi na maharagwe sokoni, na kipimo hicho bado kinatumika. Sokoni debe lilifaa sana. Juu ya lori linalorukaruka kwenye mawe lilipasuka mishono, na mafuta mengi yakanywewa na mchanga kabla ya kufika kwenye injini. Wajerumani walikuwa na chombo bora tangu 1937: lita 20, nusu mbili za bati nene zilizochomelewa pamoja, kifuniko cha kubana bila kuhitaji spana, na mishikio mitatu ili watu wawili waweze kusaidiana kubeba. Waingereza waliyateka madumu hayo, wakaona tofauti, wakayaiga.

Vita vilipokwisha, Land Rover iliingia Kenya, Tanganyika na Uganda kwa kasi. Ilikuwa gari la mashamba ya kahawa na mkonge, la bwana shauri, la misheni. Baada ya uhuru ikawa ya polisi, ya hospitali ya wilaya na ya chama cha ushirika. Kiwanda nacho kilijifunza kutoka nchi za joto. Katikati ya miaka ya 1950, Land Rover za abiria zilianza kupewa paa la pili lililoachana kidogo na la kwanza, hewa ikapita katikati na joto likapungua ndani. Aliyewahi kusafiri na paa moja la bati saa saba mchana, vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi, hahitaji kuelezwa thamani yake.

Paa hilo baadaye lilikatwa, na sababu ilikuwa sheria. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, Serengeti mwaka 1951, na ndani ya hifadhi mgeni haruhusiwi kushuka garini ila mahali palipopangwa. Mwindaji wa zamani alitembea kwa miguu. Mtalii mwenye kamera alitakiwa aone kila kitu akiwa ndani. Aliyeketi kiti cha nyuma aliona bega la mwenzake na kipande cha dirisha. Njia iliyobaki ilikuwa juu, na mafundi wakaifuata.

Mwaka 1953 yalianza mashindano yaliyoipa biashara ya nyongeza jukwaa lake kubwa. Coronation Safari, yaliyofanyika kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yaliyoshindana yalikuwa ya dukani. Njia zilikuwa za umma, mvua ilikuwa ya masika, na ng'ombe hawakupewa ratiba. Miaka ilivyosonga, mashindano hayo yakaja kuitwa Safari Rally, na magari yake yakaota vyuma mbele vya kukinga rejeta dhidi ya wanyama, taa kubwa za ziada, na vikanyagio na vishikio nyuma ili msaidizi wa dereva asimame pale na kurukaruka, uzito wake uyasaidie magurudumu kutoka kwenye tope. Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda, Hannu Mikkola wa Finland, alisubiriwa hadi 1972. Mashindano yaliporejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Toyota Yaris ndogo zilikuja Naivasha zikiwa na bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa. Bomba hilo huuzwa kwa maelezo ya kuvuka mito, ingawa kwa wengi huku kazi yake ya kila siku ni kuvuta hewa iliyo juu ya vumbi zito la gari lililotangulia.

Toyota ilikuwa imeshaanza safari yake. Mwaka 1951 gari lake la majaribio, BJ, lilipanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Jina Land Cruiser lilikuja 1954, FJ40 ikatoka 1960, na mwaka 1984 likaja toleo la 70, ambalo bado linatengenezwa. Hilo ndilo gari ambalo Arusha imelifanya lake.

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983. Utalii wa Serengeti, ambao kwa sehemu kubwa ulianzia Nairobi, ulilazimika kutafuta miguu yake upande wa Tanzania. Hadi leo wageni wanaotoka Kenya kwa kawaida hubadilishiwa gari mpakani. Nairobi iliendelea na mabasi madogo yenye paa la kuinuka. Arusha, yenye barabara za Ngorongoro na udongo mweusi wa Serengeti, iliegemea Land Rover na baadaye Land Cruiser.

Kinachofanyika katika gereji za Arusha kinastahili heshima kuliko inayopewa. Gari hufika likiwa pikapu au bodi fupi. Chasisi inakatwa, kipande kinaongezwa katikati, kinachomelewa na kuimarishwa kwa mabamba ubavuni. Propela inarefushwa, mabomba ya breki na nyaya vinafuata. Springi za nyuma zinaongezwa majani. Juu ya hapo inajengwa bodi yenye madirisha makubwa na viti ambavyo kila kimoja kina dirisha lake, na paa linaloinuka ili watu wasimame kivulini. Halafu vinakuja vidogo: friji ya soda, soketi za kuchajia kamera, redio koli ya kuulizana chui yuko mti gani, na spea mbili kwenye mlango wa nyuma. Gari likichoka na watalii, si ajabu kulikuta likibeba wanafunzi, wanakwaya au ukoo mzima kwenda harusini Karatu.

Kwingine duniani kazi hiyohiyo iligeuka viwanda. Nchini Marekani, Arthur Warn alianza mwaka 1948 kutengeneza habu za kufungua na kufunga za jeep zilizobaki vitani, na mwaka 1959 kampuni yake ikatoa winchi ya umeme kwa watu wa kawaida. Italia ilitoa hema la juu ya gari mwaka 1958. Melbourne, mwaka 1975, Anthony Ronald Brown alirudi kutoka safari ya kaskazini mwa Australia akiwa hakuridhishwa na vifaa alivyoviona, akaanza kuchomelea vyake. Herufi za jina lake, ARB, sasa zimo kwenye bampa za nchi nyingi.

Winchi hizo zina mahali pa kuonesha kazi yake. Mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza Kenya mwaka 1989, hupima nani amefika vituo 13 kwa saa 10 akiwa ameendesha umbali mfupi zaidi, hata kama ufupi huo unapita korongoni. Fedha zake zilisaidia kujenga uzio wa milima ya Aberdare, uliokamilika mwaka 2009 ukiwa na urefu wa kilomita 400 hivi.

Tatizo la siku hizi limegeuka. Bagnold alikosa vifaa. Mwenye Prado iliyotumika Japani ana maduka ya Kirinyaga Road jijini Nairobi na Gerezani jijini Dar es Salaam yanayomwita kila Jumamosi. Ananunua chuma cha mbele kabla ya matairi mazuri, taa kabla ya shokapu. Chuma hicho si cha kuchezea: mwaka 2005 Umoja wa Ulaya uliweka masharti kwa vyuma vya mbele kwa ajili ya usalama wa waendao kwa miguu, na gari lenye mifuko ya hewa linahitaji chuma kilichosanifiwa kwa ajili yake, wala si mabomba yaliyopindwa kwa kukadiria.

Hatari kubwa zaidi iko juu. Dumu moja la chuma likijaa dizeli hufika kilo 20 na zaidi kidogo. Manne tayari ni kilo 80. Ongeza hema, keria yenyewe, spea na jeki ndefu, na gari refu lililozaliwa na kitovu cha uzito kilicho juu linapewa sababu nyingine ya kulala ubavu kwenye kona ya Sekenani au Mto wa Mbu. Tairi jipya, kipimo cha upepo na pampu ndogo ya kuujaza tena vingetakiwa kutangulia. Havipigwi picha, ndiyo maana huachwa nyuma.

Mwenye gari lililokwisha kuvishwa alipitishe kwenye mzani, familia ikiwa ndani, tanki limejaa na mizigo yote imefungwa, kisha alinganishe namba itakayotoka na uzito wa juu ulioandikwa katika kitabu cha gari lake.